Kupukutika kwa Seli: Hotuba kuhusu Saratani ya Taya la Mtoto

Ndugu Mwenyekiti, walimu wa sayansi mliosafiri kutoka wilayani, wauguzi wa wodi za watoto, wanafunzi, na wazazi mliokubali kukaa nasi mchana huu wa joto, nawasalimu nyote na nawashukuru kwa nafasi hii.

Nimeombwa nizungumzie saratani, nami nimechagua kuizungumzia kwa upande usiosemwa sana. Tumezoea kusema kwamba saratani ni seli zinazozaliana bila mpaka. Kauli hiyo ni ya kweli, lakini ni nusu ya habari. Nusu ya pili ni kwamba seli hizo zimekataa kufa wakati zilipotakiwa kufa. Miaka niliyokaa mbele ya hadubini nikisoma vinyama, yaani vipande vidogo vinavyokatwa kwenye uvimbe wa wagonjwa na kuletwa maabara, imenifanya niamini kwamba nusu hii ya pili ndiyo inayoeleza vizuri zaidi kwa nini saratani huanza, kwa nini dawa huiyeyusha, na kwa nini dawa ileile huweza kufika siku ikashindwa.

Wahenga walisema kufa kufaana, wakikusudia urithi na nafasi ziachwazo na marehemu. Ndani ya mwili msemo huo una ukweli wa namna nyingine. Katika mwezi wa pili wa mimba, mkono wa mtoto aliye tumboni hufanana na kafi ya mtumbwi, bapa, vidole havijaachana. Vidole hupatikana kwa sababu seli zilizo katikati yake hufa, mahali palipopangwa na kwa wakati uliopangwa. Kiluwiluwi hupoteza mkia kwa njia hiyohiyo anapogeuka kuwa chura. Seli nyeupe za damu ambazo zingekua na kuushambulia mwili wenyewe huondolewa zikiwa bado changa, kwenye tezi iliyo nyuma ya mfupa wa kidari. Mtu mzima mwenye afya njema hupoteza mabilioni ya seli kila siku kwa namna hii, na nyingine huzaliwa kushika nafasi zake, bila homa, bila usaha, wala maumivu yoyote.

Naomba tutofautishe vifo viwili. Mtu akiungua kwa maji ya moto, au mshipa wa damu wa moyo ukiziba, seli hufa kwa ajali: huvimba, hupasuka na kumwaga vilivyomo ndani yake, na mahali pote huwa pekundu, pakavimba na kuuma. Kifo ninachokizungumzia leo hakifanani na hicho hata kidogo. Seli hunywea. Kiini chake hujikusanya na DNA yake hukatwa vipande vipande. Utando wake haupasuki, bali hugawanyika na kuwa vifuko vidogo vidogo vilivyofungwa vizuri, na juu ya vifuko hivyo hujitokeza aina ya mafuta ambayo katika seli nzima hukaa upande wa ndani wa utando tu. Alama hiyo huonwa na seli walaji ziitwazo makrofeji, nazo huja kuvimeza vifuko hivyo hata baada ya saa chache pasibaki kitu. Kwa kuwa hakibakizi kovu wala vurugu, kifo hiki kilipita mbele ya macho ya watu wenye hadubini kwa zaidi ya miaka mia bila kupewa uzito wake.

Mwaka 1972 ndipo John Kerr, mwanapatholojia kutoka Australia, pamoja na Andrew Wyllie na Alastair Currie wa Chuo Kikuu cha Aberdeen huko Uskoti, walipoandika makala iliyokipa jina. Inafaa kukumbuka kwamba waliichapisha katika jarida la saratani, kwa sababu walikwisha kuona kwamba ukubwa wa uvimbe hutegemea hesabu mbili, ya seli zinazozaliwa na ya seli zinazokufa. Jina walipewa na profesa wa lugha ya Kigiriki wa chuo hichohicho, James Cormack, nalo ni apoptosisi, neno ambalo Wagiriki wa kale walilitumia kwa majani yanayodondoka mtini. Nilipolisoma mara ya kwanza nilifurahi, kwa sababu Kiswahili kina neno lake tayari. Kila aliyeuona mbuyu wakati wa kiangazi anajua maana ya kupukutika: jani halikung'olewa na mtu, wala mti haukuugua, bali wakati wake umefika na mti wenyewe umeliachia. Kwa hiyo, kwa idhini yenu, leo nitasema kupukutika kwa seli.

Je, seli inajuaje kwamba wakati wake umefika? Ndani ya kila seli kuna mitokondria, zile sehemu zinazotengeneza nishati. Katika utando wa mitokondria hukabiliana protini za ukoo mmoja zenye tabia tofauti. Zipo zinazolinda, na maarufu kati yake huitwa Bcl-2. Zipo zinazotoboa, kama Bax. Na zipo ndogo, kama Bim, ambazo kazi yake ni kupeleka habari ya dhiki na kuzishika zile zinazolinda ili zishindwe kulinda. Habari za dhiki zikizidi, utando wa nje wa mitokondria hutobolewa, na protini iitwayo saitokromu C, ambayo siku zote ilikuwa ikisaidia kutengeneza nishati, huvuja. Kuvuja huko huamsha vimeng'enya viitwavyo kaspesi, ambavyo vilikuwa vimelala ndani ya seli tangu mwanzo, navyo huanza kuikata seli kutoka ndani. Hapo kurudi nyuma huwa vigumu mno. Ninyi walimu mtaona jambo linalonishangaza kila mara: seli haihitaji kuletewa sumu kutoka nje. Vifaa vya kifo chake imezaliwa navyo, na uzima wake ni kazi ya kuvizuia visiamke.

Mengi ya haya tulifunzwa na mnyoo mwenye urefu wa milimita moja hivi, anayeishi udongoni na asiyemdhuru mtu. Katika kukua kwake mnyoo huyo hutengeneza seli 1,090 za mwili, na 131 kati yake hufa, zilezile, kwa mnyoo mmoja hadi mwingine. Sydney Brenner, mzaliwa wa Afrika Kusini, alimchagua awe mnyama wa utafiti. John Sulston alifuata uzao wa seli zake moja baada ya nyingine. Robert Horvitz akazipata jeni zinazoamuru vifo hivyo. Watatu hao walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2002. Jeni zilizopatikana kwa mnyoo zina ndugu zake ndani yetu, na jeni ya binadamu ya Bcl-2 ikipandikizwa kwa mnyoo huziokoa baadhi ya seli zake zisife. Undugu huo umedumu kwa mamia ya mamilioni ya miaka, na sijui ushahidi mwingine ulio bora kuliko huo wa kwamba kifo hiki si kasoro ya maumbile.

Sasa niwarudishe nyumbani, Afrika Mashariki, kwenye saratani ya taya la mtoto.

Mwaka 1957, katika Hospitali ya Mulago mjini Kampala, daktari wa upasuaji Denis Burkitt aliitwa na daktari mwenzake wa watoto amtazame mtoto aliyevimba taya pande zote mbili, juu na chini. Hakujua ni nini. Wiki chache baadaye alikuwa Hospitali ya Jinja, akachungulia dirishani na kumwona mtoto mwingine mwenye uso uliovimba vilevile. Mtu mwingine angeweza kupita. Yeye alitoka nje akamchunguza, akampeleka Mulago, kisha akaanza kupekua majalada ya watoto wote wenye saratani. Mwaka 1958 akatoa makala yake ya kwanza. Mwaka 1961 yeye na madaktari wenzake wawili walipanda gari kuukuu wakaanza safari ya kilomita zipatazo 16,000 kutoka Kampala, wakapita Tanganyika na kwenda hadi kusini mwa bara, wakiuliza hospitali baada ya hospitali kama uvimbe huo ulikuwa ukionekana. Waliuona kwenye nchi za joto na mvua nyingi, na hawakuuona penye milima mirefu na baridi. Ramani waliyoirudisha ilifanana sana na ramani ya malaria kali.

Kabla ya safari hiyo, mwezi Machi mwaka huohuo wa 1961, Burkitt alikuwa ametoa mhadhara mjini London, na miongoni mwa wasikilizaji alikuwamo Anthony Epstein, mtafiti wa virusi. Tangu hapo vinyama vya uvimbe vikawa vinasafirishwa kwa ndege kutoka Kampala hadi London. Mwishoni mwa mwaka 1963 ndege mojawapo ilishindwa kutua kwa sababu ya ukungu, ikapelekwa Manchester, na kinyama kilipofika maabara maji yake yalikuwa yamechafuka kama yaliyoingia bakteria. Epstein hakukitupa. Aliweka tone moja chini ya hadubini akaona kwamba ule uchafu ulikuwa seli za uvimbe, hai, zikielea peke yake. Seli nyeupe ya kawaida iliyotolewa mwilini hupukutika upesi, kwa kuwa haipati tena ishara za jirani zinazoiambia iendelee kuishi. Lakini hizi zilikubali kukuzwa maabara, zikaongezeka. Mwaka 1964 Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr walitangaza kwamba ndani ya seli hizo wameona virusi ambavyo leo hujulikana kwa majina ya Epstein na Barr. Havikuwa virusi vya ajabu vya msituni. Watoto wetu wengi huambukizwa wakiwa bado wadogo, na takriban wote hawapati madhara yoyote makubwa. Kwa hiyo virusi peke yake havitoshi kueleza ugonjwa.

Kilichotokea ndani ya seli kilieleweka mwaka 1982. Seli B, ambazo kazi yake ni kutengeneza kingamwili, huweka jeni za kingamwili wazi na kuzisoma mfululizo. Katika saratani ya Burkitt, yaani uvimbe huu wa taya uliopewa jina la daktari yule, kipande cha kromosomu ya 8 chenye jeni iitwayo Myc kimekatika na kuungana, mara nyingi, na kromosomu ya 14, jirani kabisa na jeni ya kingamwili. Myc ni jeni ya ukuaji ambayo seli huifungua kwa kiasi na kwa muda. Baada ya kuhamia penye kazi isiyokoma, nayo haizimiki tena. Seli huamriwa igawanyike, na ikimaliza iamriwe tena, hata uvimbe uweze kuongezeka maradufu kwa siku mbili tatu. Hakuna saratani nyingi za binadamu zinazokwenda kasi kuliko hii.

Hapa ndipo penye fumbo. Mwaka 1992 kikundi cha Gerard Evan mjini London kilionyesha kwamba seli iliyofunguliwa Myc wakati haina ishara za kutosha za kukua haistawi, bali hupukutika, tena kwa wingi. Ina maana kwamba amri ya kuzaliana na amri ya kufa zimefungwa kamba moja. Seli inayoanza kuzaliana bila ruhusa huamsha, kwa tendo hilohilo, vifaa vya kuiondoa. Mkifikiri kwamba mwili una matrilioni ya seli, na kwamba makosa katika DNA hutokea kila siku ya maisha yetu, mtaona kwamba swali lenye maana si kwa nini watu huugua saratani, bali kwa nini watu wengi huishi miaka mingi bila kuugua. Sehemu kubwa ya jibu ni kwamba seli zilizopotoka zimekuwa zikipukutika kimyakimya bila sisi kujua.

Saratani ya Burkitt hulionyesha jambo hili waziwazi mno, na ndiyo sababu nimeichagua. Ukitazama kinyama chake kilichotiwa rangi, utaona uwanja wa seli za samawati iliyokolea, zimebanana, zinafanana, na nyingi ziko katikati ya kugawanyika. Juu ya giza hilo kumetapakaa madoa meupe ya mviringo. Wanapatholojia wa dunia nzima huuita mwonekano huo anga lenye nyota. Nilipokuwa mwanafunzi nilidhani nyota hizo ni nafasi tupu, mpaka mwalimu wangu aliponikalisha tena na kuniambia niongeze ukuzaji. Kila nyota ni makrofeji moja iliyoshiba, na ndani yake mmejaa vifuko vya seli zilizopukutika. Huo ndio uvimbe unaokua upesi kuliko karibu yote, na umejaa maiti. Sheria ya mwili ya kuziondoa seli zenye Myc iliyofunguliwa bado inafanya kazi pale, isipokuwa inazidiwa.

Inazidiwaje? Katika sehemu ya wagonjwa, jeni ya p53 imeharibika. Protini ya p53, iliyogunduliwa mwaka 1979, ndiyo inayopokea habari kwamba DNA imevunjika au kwamba seli inasukumwa kugawanyika kupita kiasi, kisha huisimamisha seli ikajitengeneze au huiamuru ipukutike. Katika takriban nusu ya saratani zote za binadamu jeni hii imepata kasoro, na hilo peke yake linatosha kuonyesha jinsi kukataa kufa kulivyo sharti kubwa la saratani kuwa saratani. Katika wagonjwa wengine, Myc yenyewe imebadilika kidogo kiasi kwamba inaendelea kuamuru kuzaliana lakini haiamshi tena Bim, yule mpeleka habari wa dhiki. Hili lilionyeshwa mwaka 2005. Na virusi vya Epstein na Barr, ambavyo hupatikana karibu katika kila uvimbe wa Burkitt wa ukanda wetu, huishi ndani ya seli B kwa kuifanya istahimili ishara za kufa, kwa kuwa seli ikifa navyo hupoteza makao. Vimelea vya malaria, kwa upande wake, vinapomrudia mtoto mara kwa mara, huzilazimisha seli B kuzaliana na kukatakata jeni zake za kingamwili kwa bidii isiyo ya kawaida, na katika kukatakata huko ndiko kromosomu huweza kuungana vibaya. Malaria huongeza nafasi za kosa kutokea. Virusi huisaidia seli yenye kosa isipukutike. Mtoto wa kando ya ziwa au wa pwani hukutana na vyote viwili kabla hajaanza shule.

Naomba nitoke njiani kidogo kwa ajili ya wanafunzi. Ndovu ana seli nyingi mno kuliko mtu na huishi miongo mingi, kwa hiyo kwa hesabu ya kawaida angepaswa kuugua saratani kuliko sisi. Haiko hivyo. Mwaka 2015 watafiti walieleza kwamba wakati sisi tuna jeni moja ya p53, tuliyopewa na baba na mama, ndovu ana nakala zake zipatazo 20. Seli za ndovu zilipopigwa mionzi maabara, zilipukutika kwa wingi kuliko za binadamu zilizopigwa kiasi kilekile. Ndovu hakupata dawa ya kuzuia makosa. Yeye huitoa mapema seli iliyokosea. Mkiwaona tena Tarangire au Tsavo, nadhani mtawatazama kwa jicho lingine.

Na kwa akina mama waliomo humu niseme neno moja kuhusu saratani ya mlango wa kizazi, ambayo inawaua wanawake wengi wa nchi zetu. Husababishwa na virusi vya papiloma, na aina hatari za virusi hivyo hubeba protini iitwayo E6, inayoikamata p53 na kuipeleka ikavunjwevunjwe. Hapo jeni ya p53 ni nzima kabisa, lakini protini yake haikai. Kwa hiyo chanjo ambayo Rwanda ilianza kuwapa wasichana wake nchi nzima mwaka 2011, na Tanzania mwaka 2018, inalinda uwezo wa seli kupukutika pale inapostahili. Msichana anayechanjwa kabla ya kuambukizwa anabaki na mlinzi wake, p53.

Turudi kwenye taya la mtoto, maana matibabu yake ndiyo yaliyonifundisha zaidi. Katika miaka ya 1960, Kampala na pia Nairobi, madaktari ambao hawakuwa na mashine za mionzi walianza kuwapa watoto hawa dawa kama saiklofosfamaidi na methotreksati. Matokeo yaliwashtua hata waliozitoa. Uvimbe uliokuwa umelifunga jicho uliweza kunywea ndani ya siku chache baada ya dozi moja au mbili, na watoto wengine hawakuugua tena. Mwaka 1967 Taasisi ya Saratani ya Uganda ilianzishwa Mulago kwa ajili ya kazi hiyo, na John Ziegler akawa kiongozi wake wa kwanza. Baadaye ikaongezwa vinkristini, inayotokana na ule mmea wenye maua madogo ya waridi, asili yake Madagaska, ambao wengi wetu tumeupanda uani kwa uzuri wake tu.

Watu hudhani dawa hizi huunguza seli kama dawa ya magugu. Sivyo. Saiklofosfamaidi huharibu DNA, lakini mara nyingi uharibifu huo hautoshi wenyewe kuua. Seli husoma uharibifu, huhesabu dhiki, na ikiona imezidi huamsha kaspesi zake. Uvimbe wa Burkitt huyeyuka upesi kuliko uvimbe mwingine kwa sababu Myc imekwisha kuzisogeza seli zake ukingoni mwa kifo. Dawa huongeza msukumo mdogo tu. Kwa mantiki hiyohiyo mtaelewa kwa nini uvimbe uliorudi ni mgumu. Seli zilizonusurika mara ya kwanza ni zile ambazo hazisikii habari ya dhiki, ama kwa sababu p53 yake imeharibika ama kwa sababu protini zake zinazolinda, kama Bcl-2, zimezidi nguvu, na hizo ndizo zilizojaza nafasi. Mtaelewa pia swali ambalo kila mzazi huuliza wodini, la nywele kukatika na vidonda vya mdomoni. Mizizi ya nywele, ngozi laini ya mdomo na utumbo, na uboho wa mifupa ni mahali ambapo seli huzaliana kila siku, na seli zinazozaliana kwa kasi huwa zimewekwa karibu na kifo kwa usalama wetu. Dawa inapopita, nazo hupukutika. Hazijaharibiwa milele, na nywele huota.

Wauguzi, nimewahifadhia sehemu yenu kwa sababu ndiyo inayookoa maisha. Nilisema kwamba kupukutika hakuachi uchafu. Hilo ni kweli makrofeji zikitosha. Seli nyingi mno zikifa usiku mmoja, wasafishaji hawazimudu, na vilivyomo ndani yake huingia kwenye damu: potasiamu inayoweza kuusimamisha moyo, fosfeti, na asidi ya yuriki inayoganda ndani ya figo. Watoto wamewahi kufa kwa sababu dawa imefanya kazi vizuri kupita uwezo wa figo zao. Ndiyo maana dripu huanza kabla ya dawa, ndiyo maana mtoto hupewa alopurinoli, ambayo ni dawa ya bei nafuu, na ndiyo maana mkojo hupimwa saa kwa saa hata usiku wa manane wakati kila mtu amechoka. Muuguzi anayeandika kipimo hicho cha mkojo anashughulikia biolojia ya kifo cha seli kama mtafiti yeyote wa London au Melbourne.

Nimeitaja Melbourne kwa sababu. Bcl-2 ilipatikana katika miaka ya 1980 kwenye limfoma (yaani saratani ya seli nyeupe, kama hii ya Burkitt) nyingine, ya watu wazima, na kwanza ilidhaniwa kuwa jeni ya kuzalisha seli, kama nyingine zote zilizojulikana. Mwaka 1988 David Vaux, Suzanne Cory na Jerry Adams wa mji huo walionyesha kwamba haizalishi seli hata moja. Inazuia tu zisife. Hapo ndipo ilipothibitika kwamba saratani inaweza kuanzia upande wa kifo. Ilichukua miaka 28 kutoka ugunduzi huo hadi dawa: mwaka 2016 Marekani iliidhinisha venetoklaksi, kidonge kinachoishika Bcl-2 na kuizuia kulinda, kwa wagonjwa wa aina moja ya lukemia sugu ambayo seli zake zimepoteza p53. Kidonge hicho huingilia chini ya p53, moja kwa moja kwenye mitokondria, kwa hiyo hakihitaji mlinzi aliyekwisha kupotea. Nacho kilionyesha hatari ileile ya seli nyingi mno kufa kwa mara moja, kiasi kwamba leo mgonjwa wa lukemia hiyo huanzishwa miligramu 20 na kupandishwa polepole kwa wiki 5 hadi kufikia 400. Linatuhuzunisha jambo moja, kwamba bei yake bado iko mbali sana na wagonjwa wa kwetu.

Lazima niseme pia kwamba kuua seli zaidi si wema wa moja kwa moja. Mwaka 2015 watafiti wa Edinburgh walionyesha kwamba katika limfoma za jamii ya Burkitt, seli zinazopukutika huzivuta makrofeji, na makrofeji zilizoshiba huweza kutoa vichocheo vinavyowasaidia majirani walio hai kukua na kujipatia mishipa ya damu. Zile nyota, basi, zinaweza kuwa pia mbolea. Kufa kufaana, hata ndani ya uvimbe. Ninaisoma habari hiyo kama onyo kwa yeyote atakayeahidi dawa rahisi.

Katika nchi tajiri, zaidi ya watoto tisa kati ya kumi wenye ugonjwa huu hupona. Kwetu wanaopona ni wachache zaidi, ingawa uvimbe ni uleule na seli zake zina utayari uleule wa kufa. Wengi hufika wamechelewa. Dalili ya kwanza mara nyingi ni meno yanayolegea kwa mtoto ambaye hajafika umri wa kuyang'oa, au shavu linalojaa upande mmoja, au tumbo linalokua upesi. Basi hung'olewa jino, hupewa dawa ya vijidudu, husubiriwa, na kwa ugonjwa unaoongezeka maradufu kwa siku mbili tatu, kusubiri wiki tatu ni kuuacha uwe mkubwa mara mamia. Mzazi, ukiona meno ya mtoto wa miaka mitano yanacheza na taya linajaa, usikubali kurudi nyumbani kabla hajachukuliwa kinyama. Na ninyi wenzangu wa maabara, jibu la kinyama hicho lisikae mezani.

Nimeleta slaidi mbili, moja ya tezi ya kawaida na nyingine ya saratani ya Burkitt, na hadubini iko tayari pale karibu na dirisha. Wanafunzi watangulie. Anzeni na ukuzaji mdogo mpaka mlione anga, kisha chagueni nyota moja, ongezeni ukuzaji, mhesabu ni seli ngapi zimo ndani yake. Ahsanteni.